LVGL na kioo kinachobaki cheupe: jinsi laibrari ya michoro inavyojengwa na kusanidiwa

Bodi ya njano yenye chipu ya ESP32 na kioo cha inchi 2.8, ile inayouzwa kwa namba ESP32-2432S028R, imewaingiza watu wengi kwenye utengenezaji wa vifaa vyenye skrini. Bei yake ni nafuu, ina WiFi, kioo chake ni cha kugusa, na huhitaji kuunga nyaya. Mtu anaipokea, anapakua LVGL, laibrari ya michoro, anaandika mistari michache aliyoiona kwenye video, anaipakia kwenye bodi. Kioo kinawaka cheupe pe. Hakuna kitufe, hakuna maandishi. Akiuliza kwenye kundi la wenzake anapata majibu matatu kwa mkupuo: bodi ni feki, LVGL ni nzito mno kwa chipu ndogo, rudi toleo la zamani. Mara nyingi majibu yote matatu yanakosea, na yanakosea kwa sababu moja: yanachukulia vitu vitatu tofauti, yaani laibrari inayochora, programu inayopeleka picha na kioo chenyewe, kana kwamba ni kitu kimoja.

Laibrari ni mkusanyo wa msimbo uliokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambao unautumia ndani ya programu yako badala ya kuanza upya. Laibrari ya michoro inajua kuchora mistari, herufi, vitufe, grafu na menyu zinazoteleza kwa kidole. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake wa asili uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadilisha na kuutumia. LVGL ina sifa zote hizo. Ilianzishwa mwaka 2016 na Gábor Kiss-Vámosi wa Hungary, wakati huo ikiitwa LittlevGL, na imeandikwa kwa lugha ya C. Inalenga hasa maikrokontrola, yaani chipu moja iliyobeba prosesa, kumbukumbu na pini zake, ya aina inayokaa ndani ya mashine ya kufulia au kidhibiti cha pampu ya maji.

Kuna wanaosema kwamba bidhaa yenye programu huria haiwezi kuuzwa. Si kweli kwa LVGL. Leseni yake ni MIT: unaweza kutengeneza kifaa, ukakiuza, ukaufunga msimbo wako mwenyewe, bila kumlipa mtu. Sharti lake ni kuambatanisha tangazo la hakimiliki pamoja na maandishi ya leseni.

Nani anachora, nani anapeleka

Jambo ambalo halisemwi vya kutosha ni kwamba LVGL haikijui kioo chako. Haijui kama kinaendeshwa na chipu ya ILI9341 au ST7789, haijui kimeungwa kwenye pini zipi, wala haijui taa yake ya nyuma inawashwaje. Inachora picha kwenye kumbukumbu, basi. Kuitoa picha hiyo na kuifikisha kwenye kioo ni kazi ya draiva, ambayo ni programu nyingine kabisa, na kuwakutanisha hao wawili ni kazi yako.

Chukua mgahawa. Mpishi yuko jikoni, hatoki nje, hajui meza namba tano iko wapi. Akimaliza anaweka chakula kwenye sinia. Mhudumu anabeba sinia, anafikisha mezani, anarudi kusema ameshapeleka, ndipo mpishi anapopakua tena. LVGL ni mpishi. Sinia ni bafa, kipande cha kumbukumbu ambamo picha inachorwa. Mhudumu ni fankshani fupi, yaani kipande cha msimbo chenye kazi moja, ya kupeleka picha, unayoiandika wewe, ambayo inaikabidhi draiva mzigo. Meza ni kioo. Mteja akikaa na njaa, kumfukuza mpishi hakusaidii ikiwa mhudumu hajui njia.

Kioo cheupe kwa kawaida kina maana hii: taa ya nyuma inawaka, lakini chipu ya kioo haijapata amri zake za kuanza, au zimetumwa kwenye pini zisizo zake. LVGL haijaingia kwenye hadithi hata kidogo. Kwenye bodi ya njano, data ya kioo inapita pini 13, mapigo ya saa yanayoiongoza data hiyo yanapita pini 14, kuchagua chipu ni pini 15, pini 2 inatenganisha amri na data, na taa ya nyuma iko pini 21. Ukitumia draiva ya TFT_eSPI, namba hizo pamoja na jina la chipu ya kioo zinaandikwa kwenye faili User_Setup.h lililomo ndani ya folda ya laibrari hiyo. Ukisasisha TFT_eSPI, faili hilo linafunikwa na jipya, na kifaa kilichofanya kazi vizuri jana kinakuwa cheupe leo ingawa hukugusa msimbo wako. Weka nakala yake pembeni.

Kwa hiyo kabla ya kuigusa LVGL, andika programu ya mistari mitano inayotumia draiva peke yake kujaza kioo chote rangi nyekundu. Kioo kikikataa kubadilika, tatizo liko chini ya LVGL, na hakuna mpangilio wowote wa LVGL utakaolitatua. Jaribio hili linaokoa muda kuliko ushauri mwingine wote uliomo kwenye makala hii.

Kuijenga

Kwenye kompyuta tumezoea kusakinisha programu iliyokamilika. LVGL haiji hivyo. Unapewa msimbo wa asili, na unapojenga programu yako, kompaila, yaani programu ya kutafsiri msimbo, inausoma msimbo wa LVGL pamoja na wako, inaugeuza kuwa lugha ya chipu, kisha vyote vinaunganishwa kuwa faili moja linaloingia kwenye bodi.

Hapa ndipo usanidi wa LVGL unapotofautiana na mipangilio ya simu. Sehemu kubwa yake haisomwi kifaa kikiwa kinafanya kazi. Inasomwa na kompaila. Kipengele ulichokizima hakimo kabisa ndani ya bodi, hakichukui hata baiti moja. Ndiyo sababu laibrari yenye vitu vingi kiasi hiki inatosha kwenye chipu ndogo, na ndiyo sababu kila ukibadilisha usanidi ni lazima ujenge upya. Badiliko lisipoonekana, futa mafaili ya ujenzi uliopita uanze moja.

Usanidi wenyewe unakaa kwenye faili lv_conf.h. Ukipakua LVGL hulikuti, unakuta kiolezo chake, lv_conf_template.h. Unakinakili, unakipa jina jipya, na kwa wanaotumia Arduino, programu ya kuandikia msimbo na kuupakia kwenye bodi, unakiweka kwenye folda ya libraries, kando ya folda ya lvgl, si ndani yake. Kisha unalifungua. Juu juu tu kuna mstari unaosema #if 0. Sifuri hiyo inaiamuru kompaila iruke kila kilichomo hadi mwisho wa faili. Usipoigeuza kuwa 1, unaweza kushinda siku nzima ukipanga rangi, kumbukumbu na fonti bila hata badiliko moja kuonekana, kwa sababu LVGL itaendelea na thamani zake za kawaida kana kwamba faili ni tupu.

Wanaotumia ESP-IDF, zana rasmi za watengenezaji wa ESP32, hawalazimiki kulishika faili hili. Wanaandika idf.py menuconfig, menyu inafunguka, wanachagua. Na yapo mazingira ya kujaribia kwenye kompyuta, ambayo kupitia SDL, laibrari ya kuonyesha picha kwenye kompyuta, yanafungua dirisha la ukubwa wa kioo chako na kuonyesha vitufe vile vile. Kwa anayeanza, hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwanza: unajifunza LVGL bila kupambana na pini, na unaweza kuanza hata kabla hujanunua bodi.

Hesabu ya kumbukumbu

Imani kwamba LVGL inahitaji kumbukumbu kubwa ina chanzo chake. Kioo cha 320 kwa 240 kina pikseli 76,800. LV_COLOR_DEPTH, idadi ya biti za rangi kwa kila pikseli, ikiwa 16, kila pikseli inachukua baiti 2, kwa hiyo picha nzima ni baiti 153,600. ESP32 ina SRAM, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, ya KB 520, lakini si yote unayoachiwa wewe. Mfumo wenyewe unachukua fungu lake na WiFi inachukua lake. Mtu anatangaza bafa ya kioo kizima, ujenzi unakwama kwa kukosa nafasi, anahitimisha kwamba chipu haiwezi.

Lakini sinia halilazimiki kubeba chakula cha meza zote. LVGL inachora kipande kwa kipande, na wanaoitengeneza wanapendekeza bafa isipungue sehemu ya kumi ya kioo. Hapa hiyo ni baiti 15,360. Inachora mistari 24, inapelekwa, inachora 24 inayofuata. Zaidi ya hapo, haichori tena kisichobadilika. Namba ya joto ikitoka 27 kwenda 28, ni eneo la namba hiyo tu linalochorwa na kupelekwa, kioo kingine chote kinabaki kilivyo.

Kasi nayo ina ukomo ambao LVGL haina mkono ndani yake. Baiti 153,600 ni biti 1,228,800. SPI, ile njia ya nyaya chache inayounganisha chipu na kioo, ikienda kwa MHz 40, kuzipitisha biti zote hizo kunachukua karibu milisekunde 31. Hiyo ni picha nzima mara 32 kwa sekunde, na hapo hatujahesabu muda wa kuchora. Anayetaka video laini kwenye kioo hiki anakidai kisichowezekana. Anayetaka menyu, vipimo na grafu amepata kinachomfaa.

Kuna kumbukumbu ya pili, LV_MEM_SIZE, ambayo ni akiba ya vitu vyenyewe: kila kitufe, kila lebo, kila ukurasa. Kiolezo cha toleo la 9 kinaiweka KB 64. Programu inayotengeneza ukurasa mpya kila mara mtumiaji anapobonyeza, bila kufuta wa zamani, inaimaliza akiba hiyo taratibu. Ikiisha, kwa mpangilio wa kawaida LVGL inaingia kwenye kitanzi kisicho na mwisho na kusimama humo. Kifaa kinaganda baada ya nusu saa ya kazi nzuri, hakuna ujumbe wowote, na lawama zinaiendea bodi. Weka LV_USE_LOG na LV_LOG_PRINTF kuwa 1, jenga upya, kisha soma kinachotoka kwenye kompyuta kupitia waya wa USB. Itakuambia yenyewe kwamba kumbukumbu imekwisha.

Rangi zilizogeuka

Hapa ndipo watu wanapobahatisha kuliko mahali pengine popote, na hakuna haja ya kubahatisha. Biti 16 za kila pikseli zimegawanywa hivi: 5 za nyekundu, 6 za kijani, 5 za bluu. Kwa namba za heksadesimali, zinazotumia 0 hadi 9 na A hadi F, nyekundu kamili inaandikwa F800, kijani kamili 07E0, bluu kamili 001F.

Makosa mawili tofauti yanaigeuza nyekundu kuwa bluu. La kwanza ni baiti kupishana: ESP32 inahifadhi baiti ndogo kwanza, kioo kinataka kubwa kwanza, na F800 inafika ikiwa 00F8, ambayo kwenye kioo ni bluu. La pili ni mpangilio wa rangi: kioo kinasoma bluu mahali pa nyekundu na nyekundu mahali pa bluu. Ukitazama nyekundu peke yake hutayatofautisha, na ndiyo maana watu wanageuza hiki, wanarudisha kile, hadi wanakata tamaa.

Kijani ndicho kinachotoa jibu. Baiti zikipishana, 07E0 inakuwa E007, na kioo kinaonyesha nyekundu yenye bluu kidogo ndani yake. Kosa likiwa la mpangilio wa rangi, kijani kinabaki kijani, kwa kuwa biti zake ziko katikati na hazihami. Nyeupe ni FFFF na nyeusi ni 0000, kwa hiyo makosa yote mawili hayazigusi. Zikibadilishana zenyewe, nyeupe ikawa nyeusi na nyeusi ikawa nyeupe, hilo ni kosa la tatu: kioo kinapindua rangi, na linasahihishwa kwenye draiva kwa TFT_INVERSION_ON au OFF. Chora mistatili minne, nyeupe, nyeusi, nyekundu na kijani, na kwa kuitazama mara moja utajua ni lipi kati ya hayo matatu.

Mpangilio wa rangi unasahihishwa pia kwenye draiva. Kupishana kwa baiti kulikuwa na swichi yake kwenye toleo la 8, LV_COLOR_16_SWAP, lakini toleo la 9 liliiondoa. Sasa unazigeuza ndani ya fankshani yako ya kupeleka picha, ama kwa lv_draw_sw_rgb565_swap, ama kwa kuiambia draiva izigeuze yenyewe. Usifanye vyote viwili. Zitageuka mara mbili na utarudi ulikoanzia.

Picha imetokea, kisha imeganda

Mhudumu asiporudi kusema amepeleka, mpishi anangoja. Kurudi kwake ni lv_display_flush_ready, mstari mmoja mwishoni mwa fankshani ya kupeleka, na ukiusahau picha inaishia kipande cha kwanza au cha pili. Chanzo kingine ni muda. LVGL haina saa yake, ni lazima uipe. Kwenye toleo la 9 unatumia lv_tick_set_cb na kuielekeza kwenye millis, fankshani ya Arduino inayohesabu milisekunde tangu bodi iwake. Bila saa, picha ya kwanza inaweza kutokea kisha hakuna kinachosogea tena.

Cha tatu ni mazoea ya Arduino. Mtu anaandika delay(1000), amri ya kusubiri milisekunde 1000, kwenye loop, ile sehemu ya programu inayorudiwa bila kukoma, ili asome kihisi kila sekunde. Lakini loop hiyo hiyo ndiyo inayoita lv_timer_handler, ambayo inatakiwa kuitwa kila baada ya milisekunde chache. Kwa sekunde nzima kioo hakisikii kidole wala hakichori kitu. Iondoe delay hiyo, na usomaji wa kihisi uuweke kwenye lv_timer_create yenye muda wa 1000.

Mguso wenyewe ni njia nyingine kabisa. Kwenye bodi ya njano unasomwa na chipu ya XPT2046 yenye pini zake, tofauti na za kioo, kwa hiyo kioo kuchora vizuri hakuthibitishi lolote kuhusu mguso. Unaiandikia LVGL fankshani nyingine ya kuusoma, na unalinganisha namba za chipu, zinazoanzia 0 hadi 4095, na pikseli za kioo chako.

Matoleo

Toleo la 8 lilitoka mwaka 2021, la 9 mwaka 2024. Katikati yao majina mengi yalibadilika. lv_btn_create ikawa lv_button_create, lv_scr_act ikawa lv_screen_active. Baadhi ya majina ya zamani bado yanakubalika, lakini namna ya kusajili kioo ilibadilika yote, na lv_disp_drv_register haipo tena. Video nyingi bado zinafundisha la 8, wakati Arduino inakupa la karibuni. Makosa ya namna hii angalau kompaila inayakataa mbele yako.

Lililo baya zaidi ni lile lisilokataliwa. Ukubwa wa bafa kwenye toleo la 8 unatajwa kwa pikseli, kwenye la 9 kwa baiti. Ukiipa la 9 idadi ya pikseli, itatumia nusu ya bafa yako na kuendelea kufanya kazi taratibu. Ukiipa la 8 idadi ya baiti, itaamini bafa ni kubwa maradufu, itaandika juu ya kumbukumbu ya jirani, na bodi itajizima na kujiwasha bila mpangilio. Chagua toleo moja, liandike kwenye maelezo ya mradi wako, na usichanganye lv_conf.h ya toleo moja na msimbo wa lingine.

Fonti na herufi zetu

Fonti iliyowashwa tangu mwanzo ni Montserrat ya ukubwa 14. Ukiitaka ya 24 bila kuweka LV_FONT_MONTSERRAT_24 kuwa 1, kompaila itasema haiijui, na huenda ikakuuliza kama ulimaanisha 14. Usiziwashe zote, za 8 hadi 48, eti kwa tahadhari. Mgawanyo wa kawaida wa Arduino kwa bodi ya MB 4 unaiachia programu baiti 1,310,720, na fonti kubwa zinaila nafasi hiyo haraka.

Kiswahili hakina shida kubwa hapa, kwa kuwa herufi zake zote zimo kwenye fonti hizo. Shida iko kwenye ng'. Simu na programu za kuandikia zina tabia ya kuipinda alama iliyonyooka, na ukinakili "ng’ombe" kutoka huko hadi kwenye msimbo, alama hiyo inakuwa U+2019, namba yake kwenye orodha ya herufi ya Unicode. Fonti za ndani za LVGL zina herufi za 0x20 hadi 0x7F, alama ya nyuzi joto, nukta ya orodha na aikoni kadhaa. U+2019 haimo, na mfugaji anayesoma kipimo cha maziwa anaona kisanduku kitupu katikati ya neno. Dawa ya haraka ni kuifuta alama hiyo na kuiandika upya ndani ya programu unayoandikia msimbo.

Anayetaka Kikuyu, chenye ĩ na ũ, hana njia hiyo fupi. Anachukua faili la fonti yenye herufi hizo, analipitisha kwenye lv_font_conv akitaja 0x20-0x7F pamoja na 0x128, 0x129, 0x168 na 0x169, anapata faili la C, analiweka kwenye mradi wake na kujenga upya. Kwa maandishi ya Kiarabu inabidi pia kuwasha LV_USE_BIDI ili yasomeke kutoka kulia, na LV_USE_ARABIC_PERSIAN_CHARS ili herufi ziungane.